Jogoo Aliyeacha Shingo

Kwenye sufuria ilibaki shingo peke yake, imejikunja juu ya mchuzi kama alama ya kuuliza.

Odeta alifunika, akafunua tena. Shingo ileile. Jogoo mzima, mnono, aliyemchemsha tangu asubuhi kwa ajili ya mjomba wa Kibaoni anayekuja na basi la jioni, alikuwa ameondoka wakati yeye yuko kisimani.

“Usihangaike kuchungulia,” alisema baba mkwe wake, Mzee Damiano, kutoka kwenye kigoda chake. “Mama yenu na Evaline walikuwa mashineni wanasaga. Mimi nilikuwa kanisani. Aliyebaki na sufuria ni nani?”

Odeta alikuwa na miezi miwili tu tangu aolewe. Mumewe alikuwa Inyonga kwenye mizinga ya nyuki. Wa kumsemea hakuwepo.

Chakula cha mchana kililiwa kimyakimya: ugali wa dona na mlenda usio na hata tone la mafuta, maana chupa ya mafuta ilikuwa tupu. Sabuni nayo iliisha tangu juzi, kwa hiyo kila mtu alinawa maji matupu.

Mzee hakugusa tonge.

“Kula baba, hata kidogo,” Odeta alimbembeleza.

“Hasira zimenishibisha.”

Evaline, wifi yake, alikuwa kidato cha pili na mtihani wa baiolojia ulikuwa umempanda kichwani. Tangu shule ifunge alikuwa amepima kila kitu pale nyumbani isipokuwa mbuzi. Alikuwa na kichupa cha iodini alichokitunza kama mboni ya jicho. Sasa alikuwa anaponda karanga kwenye karatasi ya daftari, anamwonyesha wifi yake ili kumchangamsha.

“Ona wifi. Maji yakikauka, alama inapotea. Mafuta hayaendi popote. Ukiinua karatasi juani, pale yalipogusa mwanga unapita.”

“Na hicho kichupa?” aliuliza Mzee.

“Hii inatafuta wanga, baba. Ikiukuta inageuka nyeusi. Kiumbe hai chochote kimejengwa kwa vitu hivihivi: wanga, protini, mafuta, na vinasaba.”

“Na mwizi je? Kajengwa kwa nini?”

“Vilevile, baba.”

“Basi tupime mikono.”

“Lakini jogoo ni protini na mafuta! Dawa hii haiwezi kumwona.”

“Dawa ni dawa. Leta.”

Wakapanga mikono juu ya meza. Evaline alidondosha tone moja kwenye kidole cha Odeta. Kidole kikawa cheusi tii.

“Mmeona!” Mzee alipiga meza.

Tone la pili kwa mama mkwe, Mama Tereza. Cheusi. La tatu kwa Evaline mwenyewe. Cheusi.

“Eti na mimi nimeiba nikiwa mashineni,” Mama Tereza alicheka mpaka khanga ikamvuka. “Huyo jogoo alikuwa na mapaja mangapi?”

“Ni ugali, mama,” Evaline alisema. “Ugali ni wanga.”

Mzee alinyoosha wake. Tone lilitulia kidoleni na rangi yake ya chai, halikubadilika hata chembe. Aliuinua mkono ule kama mtu anayekula kiapo.

“Mkono safi ni mmoja tu humu ndani. Haya, nipeni karatasi.”

Utani ukaisha hapo. Aliandika kwa baba yake Odeta, kijijini Mwamkulu. Aliandika polepole, herufi zimesimama wima, kiganja cha kushoto kimeikandamiza karatasi isipeperuke. Mama Tereza alimsihi, wapi. Odeta alisimama kando, anahesabu nguo atakazofunga na jinsi atakavyomtazama mama yake.

“Binti ataondoka na barua hii kabla mgeni hajafika,” Mzee alisema, akampa. “Soma mwenyewe, usije ukasema nimekusingizia.”

Ndani mlikuwa na giza. Odeta alisogea mlangoni, akaiinua barua juani. Neno *mwizi* lilikuwa limeandikwa mara tatu. Alisoma mpaka mwisho, akarudia.

“Baba,” alisema kwa adabu, “umesahau kutia saini.”

Mama Tereza alikuja kuchungulia begani kwake. Katikati ya karatasi, jua lilikuwa linapita kwenye vidole vitano na kiganja kizima.

“Hajasahau,” alisema. “Ametia.”