Tonge la Baada ya Vyuma

"Fungua mdomo," Bonge alimwambia mkewe, na tonge la wali na nyama likamgusa midomo.

Mkono wake mwingine ulikuwa umembana taya. Ulinuka mafuta ya ng'ombe, maana kazi yake ilikuwa ya bucha, na mnofu huo alikuwa ameuchagua mwenyewe.

"Baba, sina njaa. Nikishanyanyua vyuma, hamu ya chakula inakatika. Nitakula asubuhi."

"Tumetoka jimu moja, vyuma ni vilevile. Mimi nimemaliza sahani mbili na bado naitamani sufuria. Wewe unashiba hewa?" Akamgongesha kisogo ukutani. "Unakula kwa nani?"

"Sili kwa mtu. Mwili wangu si kama wako."

Akalisukuma tonge kwa nguvu. Wali ukamwagika kifuani, na kidole gumba kikaingia pamoja na nyama mpaka ndani ya shavu. Mkewe akapaliwa, machozi yakamtoka. Kisha akafunga meno.

Bonge akapiga yowe, akamtandika ngumi ya sikio, akaongeza nyingine. Mkewe akamdaka kiwiko kwa mikono miwili, ile iliyoota sugu za vyuma, akamvuta chini mpaka magoti ya mwanamume yakagonga sakafu. Hakuachia. Kitu kigumu kikalia kati ya magego yake.

"Niachie, mama watoto. Nakuomba."

Damu ilikuwa ya moto, yenye chumvi. Akaimeza.

Hapo ndipo njaa ilipomjia.