Mji wa Bi Rukia

Kulikuwa kumepambazuka na zamu ya usiku kwenye tanuri la mikate imekwisha, lakini Sikudhani bado anakanda unga. Tangu juzi hajalala. Macho yanamng'aa, anacheka peke yake, na mikate aliyoisuka imejaa meza nzima, mizuri ajabu. Bi Rukia, mchomaji wa mikate, aliijua hali hiyo: maradhi ya akili ya Sikudhani humpaisha hivi kabla ya kumwangusha kitandani mwezi mzima.

"Nenda ukalale, mwanangu."

"Nilale? Leo naweza kuulisha ulimwengu!"

"Haya, kitendawili!"

"Tega!"

"Mgeni wangu haingii mpaka nifunge milango miwili."

Sikudhani, bingwa wa vitendawili, akakwama. Mikono ikasimama ndani ya unga.

"Nipe mji," akasema Bi Rukia.

"Chukua huu huu wetu."

"Nimeupokea. Mgeni ni usingizi, milango ni macho yako. Na mimi mwenye mji naamuru ulale."

Sikudhani akaitoa mikono kwenye unga, akaipangusa. Akameza dawa yake, akajinyoosha juu ya magunia.

Nje wachuuzi wa mikate wakafika na baiskeli zao, wakipiga kengele. Bi Rukia akasimama mlangoni, akainua kidole. Kengele zote zikanyamaza, na mji mzima ukapita pale ukinyata.