Mtihani Uliofanyika Bila Kasoro

Wa kwanza kukamatwa alikuwa ameyaandika majibu mkononi, kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko, halafu akavaa shati la mikono mirefu siku ya joto kali.

"Kunja shati," msimamizi alimwambia.

"Ni upele, mwalimu."

"Upele wenye namba?"

Akamwandika jina.

Msimamizi huyo walimwita Kisu, na jina lenyewe alilipenda. Alikuwa mwalimu wa shule jirani, miaka ishirini kazini, na ofisi ya elimu ilimteua kwa kuwa hakuwa na simile na mtu. Jumamosi hiyo, shule ikiwa kimya na madarasa mengine yote yamefungwa, alikabidhiwa chumba kimoja, watahiniwa thelathini na mmoja, karatasi ya hesabu ya darasa la saba na fomu ya kasoro. Sheria ilikuwa fupi: atakayeandikwa jina kwenye fomu hiyo, shule kwake ndiyo basi.

Akawa anapita katikati ya madawati, mikono nyuma, kinyaa kimemjaa. Huyu ameomba kwenda msalani mara tatu ndani ya saa moja, na kila akirudi anaandika kama aliyeteremshiwa wahyi huko chooni. Yule amekaa upande, miguu nje, eti dawati linambana. Safu nzima ya dirishani imejibu kwamba theluthi moja ukijumlisha na robo moja unapata mbili ya saba. Wote, kuanzia mbele hadi nyuma, walikuwa wameibiana kosa lile lile. Hata wizi unataka akili kidogo, Kisu aliwaza, na hawa hata hiyo hawakujaliwa.

"Hivi nyinyi mmefundishwa na nani?" aliuliza kwa sauti.

Nyuma kabisa mtu alikohoa kuficha kicheko.

Ilipofika saa nne na nusu fomu ilikuwa na majina manne, naye alikuwa anaionea raha kazi yake. Hapo ndipo alipofika kwenye kona.

Pale kwenye kona alikaa mtu wa nyumbani kwake mwenyewe, amevaa shati ambalo Kisu alilipiga pasi alfajiri kwa mkono wake. Ofisi ilikuwa inajua. Walimuuliza kama ataweza, akajibu kwamba hata awe nani, akiiba ataandikwa. Na asubuhi, wakati wa chai, alirudia maneno hayo hayo mezani.

"Nikikukamata, mimi na wewe hatujuani."

"Wasiwasi wa nini? Nimesoma."

Amesoma kweli. Kifuko cha miwani kilikuwa wazi mapajani, na ndani yake kikaratasi kilichokunjwa mara nne, mwandiko mdogo kama chawa. Kisu alisimama juu yake. Jasho lilikuwa limelilowesha lile shati mgongoni.

"Tafadhali," yule wa kona alinong'ona. "Usiniaibishe mbele ya wenzangu."

Kisu akatazama karatasi ya majibu. Mbili ya saba. Pamoja na kikaratasi chote kile, bado mbili ya saba! Alitamani kumzaba kofi, na wakati huo huo alimwonea huruma. Akaiinua kalamu.

"Shemeji," mkuu wa shule aliita kutoka mlangoni. "Njoo kidogo."

Walisimama kwenye ujia, nje ya mlango. Mkuu alikuwa akichungulia dirishani muda wote, na aliongea taratibu, kama anayebembeleza mgonjwa anywe dawa.

"Naona unao wanne. Na yule wa kona, naye utamwandika?"

"Sheria ni sheria."

"Sawa. Mwandike. Leo jioni mtakula meza moja, mtatazamana."

Kisu aliwaona akilini mawifi zake wakiingia sebuleni mmoja mmoja, bila hodi, kuja kumuuliza ana moyo wa namna gani, mtu wake mwenyewe amchome kwa mkono wake.

"Basi nimwache yeye, niwaandike wale wanne," alisema hatimaye.

"Wale wanne wana midomo, shemeji. Wamekuona umesimama pale. Au wote, au hakuna."

"Na majibu yenyewe? Hawajui chochote, mkuu. Chochote! Sehemu tu zimewashinda."

"Kusahihisha niachie mimi. Wewe nitilie sahihi tu. Hawa ni watu wetu, watajifunza polepole."

Kisu aliitazama fomu. Miaka ishirini hakuna aliyewahi kumwomba akakubali, na leo hata kuombwa sana hakuombwa. Akaichana vipande vinne. Akachukua nyingine, akaandika kwa ule mwandiko wake mzuri uliosifiwa wilaya nzima: *Mtihani umefanyika bila kasoro.* Akatia sahihi, akarudi ndani kukusanya karatasi, akifoka kwamba safu zinyooke na asiyefunga mdomo atamwona.

Matokeo yalibandikwa Ijumaa. Wote thelathini na mmoja walikuwa wamefaulu.

Jumatatu kengele ya kwanza ilipogongwa, wote thelathini na mmoja waligawana chaki ofisini, kila mmoja akashika njia ya darasa lake. Mume wa Kisu aliingia darasa la saba, na watoto hamsini wakasimama kwa pamoja:

"Shikamoo, mwalimu!"