Roboti Aliyeachwa Mlangoni

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, na manyunyu yalikuwa yakianguka. Mkunga na kaka yake waliketi sebuleni kutazama sehemu ya mwisho ya tamthilia ya angani waliyoipenda utotoni.

Zamani, jioni sehemu hiyo iliporushwa, mkunga alikuwa nje, ameshikilia mlingoti wa antena. Mkono ulichoka, akauachia. Picha ikapotea huku roboti akikimbilia chombo cha angani kilichokuwa kikiondoka. Kaka akatoka akifoka, "Umemuua!" Mkunga alikuwa na miaka sita; akaamini. Hata utu uzimani hakuthubutu kuutazama mwisho ule.

Sasa roboti alikimbia tena. Mlango ulianza kujifunga. Kiwiliwili chake kilikuwa boksi lililopakwa rangi ya fedha, na gundi ilikuwa imechuruzika shingoni. Hata hivyo, mkunga alibana pumzi.

Roboti akajitupa ndani, akaketi, akafunga mkanda.

"Kumbe mzima! Kaka, miaka thelathini umenibebesha maiti ya bure?"

"Mdogo wangu, hata mimi nilijua amekufa. Niliona aibu kukuambia nililia."

Kaka alivua miwani, akaifuta kwa shati. Mkunga alirudisha picha nyuma dakika mbili, akabonyeza ianze tena.