Pamba Masikioni

Bomba la kuvutia hewa kwenye injini alilolitengeneza Fundi Shebughe lililifanya gari la turbo lingurume vizuri, na mteja alikuwa tayari kulinunua bomba hilo.

"Ngoja kwanza," fundi alisema. "Mlio hudanganya."

Akaziba masikio kwa pamba, akageukia ukuta. Mkewe, Zaituni, akafunga bomba alilotaka yeye, ama hilo jipya ama la kiwandani, akashusha boneti. Fundi akaliendesha gari hadi juu ya kilima, akarudi akitabasamu.

"Hili ni bomba langu. Gari linavuta kweli."

Zaituni akafungua boneti. Bomba lilikuwa la kiwandani.

Fundi akalitazama, akacheka kidogo. Akachambua pamba nyingine, akamnyooshea mteja.

"Kabla hujanunua, kaka, jaribu na wewe."

Mteja akaipokea kwa mikono miwili.