Taarifa ya Faragha Aliyoletewa Kindi

Panya Buku aliwatunzia wanyama akiba zao mashimoni, na hakuna aliyetii sheria kama yeye. Baraza lilipoamuru kila mteja aarifiwe jinsi siri zake zinavyolindwa, alimtuma Kasuku siku hiyohiyo.

Kasuku akatua juu ya mti wa Kindi, akapaza sauti: "Mteja wetu mpendwa! Hatutamwambia yeyote kwamba karanga zako za kiangazi zimo chini ya mkwaju!"

Kufikia jioni, Nyani alikuwa amekula nusu.

"Wanangu watakula nini, Bwana Buku?" Kindi akalia.

"Kwani taarifa hukuipata, mama?"

"Nimeipata. Na Nyani kaipata."

"Basi sheria imefuatwa."

Kindi akafuta machozi. "Zilizobaki nimezihamishia shimo la Nyegere."

"Mabadiliko nayo lazima yatangazwe," Buku akasema, akamwita Kasuku.

Nyani aliwahi, akaingiza mkono wote. Alipokwenda kulalamika, mkono umefungwa majani, Buku alimjibu kwa upole kwamba meno ya Nyegere ni siri ya mteja mwingine.

Karanga zilizobaki hazikuwa zimehamishwa kamwe kutoka chini ya mkwaju.