Buti Lenye Harufu ya Sifa

"Tia maji, bi mkubwa, ujionee," alisema muuza mabuti yaliyokwisha valiwa, katika soko la Matrah. "Haya ya jeshi hayavuji abadan."

Masouda akajaza maji ndani ya buti, akalinyanyua. Mwanawe mdogo alikuwa anasafiri kesho kwenda vitani Dhofar, kwenye milima ya matope. Kakake, aliyetangulia huko, hajaleta salamu tangu msimu wa mvua.

Hakuna hata tone lililoanguka. Lakini ngozi ilipolowa ilitoa harufu, na harufu hiyo Masouda aliijua. Ilikuwa sifa, yale mafuta ya maini ya papa ambayo kwao Unguja hupakwa vyombo vya baharini. Askari gani apakaye buti sifa? Ni yeye Masouda tu aliyeyapaka mabuti ya mwanawe mkubwa alipokuwa anaondoka, na majirani wakamcheka: "Umezaa askari wewe, au ngalawa?"

Akatia mkono ndani ya maji, taratibu, mpaka kisiginoni. Vidole vikagusa kiraka cha kanga, alichokishona mwenyewe ili mwanawe asichubuke.

"Mama, lavuja?" akauliza yule mdogo. Alikwisha vua makubadhi, mguu u tayari.

Muuzaji akacheka. "Livuje wapi? Tazama chini."

Chini palikuwa pakavu.

"Lavuja," akasema Masouda, mkono bado umo ndani. "Vaa makubadhi yako turudi nyumbani. Hwendi."